Mahubiri kama Utafutaji: Nafsi ya Mhubiri na Lugha yake katika Mpaka wa Malaba na Busia

Utangulizi

Wachunguzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamezishughulikia kwa bidii ngano, methali, vitendawili, nyimbo za ngoma na tenzi. Mahubiri hawakuyagusa sana. Sababu yake yaeleweka. Mahubiri yamedhaniwa kuwa mali ya kanisa, na kwa hiyo kazi ya wanatheolojia. Tena yamedhaniwa kuwa kitu kilicholetwa, si kilichozaliwa hapa. Hata hivyo, kwa watu wengi waishio mbali na pwani, yamkini mahubiri ndiyo maneno marefu ya Kiswahili yaliyopangwa wanayoyasikia mara nyingi kuliko mengine yote, ukiacha redio. Mtu anayedai kuichunguza nathari ya Kiswahili inayosemwa, akayaacha mahubiri nje ya mlango, ameacha sehemu kubwa ya mavuno shambani.

Makala hii yakusudia kueleza aina moja tu ya mahubiri ya Kikristo, nayo ni ile ambayo mhubiri hasimami kama mwenye jibu, bali kama mtu anayelitafuta jibu mbele ya watu, na nafsi yake mwenyewe ikiwa miongoni mwa vitu vinavyochunguzwa. Hoja yenyewe ni kwamba utafutaji wa namna hiyo una alama zake katika lugha, alama zinazosikika hasa katika matumizi ya vitenzi. Na kwamba alama hizo zaweza pia kuigwa na mtu asiyetafuta kitu. Mahali palipochaguliwa ni Moding, katika nchi ya Wateso wa Kenya, kwa kuwa huko Kiswahili si lugha ya mama ya wengi, na kila neno la imani limepita katika zaidi ya mkono mmoja kabla ya kufika mimbarini.

Moding na lugha zake

Moding imo katika sehemu ya kaskazini ya Kaunti ya Busia, upande wa Malaba, mahali ambapo barabara na reli zitokazo Mombasa huingia Uganda. Mpaka ule ni wa serikali kuliko kuwa wa watu. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda uliondolewa Uganda ukatiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, yaani nchi iliyokuja kuitwa Kenya, na Wateso wakajikuta wamegawanywa, ndugu huku na ndugu kule. Lugha yao, Kiteso, ni ya jamii ya Kiniloti na haina udugu na Kiswahili. Inapakana na Kibukusu, Kikhayo na Kisamia, ambazo ni za Kibantu. Kiswahili ni lugha ya soko, ya madereva wa malori, ya polisi na ya ofisi ya chifu. Na ni lugha ya kanisa kila pale ambapo waumini wamechanganyika.

Katika historia ya kanisa Kiswahili kilichelewa kufika huku, na hakikuchelewa kwa bahati mbaya. Injili iliwafikia Wateso wa Uganda kwa kiasi kikubwa kwa mkono wa Waganda, wale waliofuata nyayo za Semei Kakungulu alipokuwa akieneza utawala upande wa mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Na lugha waliyokuja nayo ilikuwa Kiganda. Askofu Alfred Tucker wa Uganda alikuwa amekipinga Kiswahili waziwazi kwa kukiona kuwa kimefungamana mno na Uislamu. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa imekwisha kutoka mwaka 1896. Agano Jipya la Kiteso lilitoka 1930, na Biblia nzima 1961. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwaka 1952, ilitoka Biblia ya Kiswahili iitwayo ya Muungano, ambayo ndiyo iliyowapa wahubiri wa bara la Kenya msamiati mmoja. Hivyo mhubiri wa Moding aliyezaliwa katika miaka ya 1930 aliweza kulisikia neno lile lile kwa Kiganda kutoka kwa mwalimu wake, kwa Kiteso kutoka kwa mama yake, na kwa Kiswahili kutoka kwa mgeni aliyeshuka katika treni.

Kuna jambo jingine lisilopaswa kusahauliwa. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Kabla ya hapo na baada yake, Kiswahili katika masikio ya Waganda wengi kilikuwa lugha ya askari na ya vizuizi vya barabarani. Watu waliovuka Malaba na Busia kukimbilia Kenya katika miaka ile waliisikia lugha hiyo hiyo, hatua chache ng'ambo ya pili, ikitumika kuombea wagonjwa. Ni vigumu kudhani kwamba hawakuiona tofauti.

Kuhubiri, imani, maana

Kitenzi hubiri kimetokana na shina lile lile la Kiarabu lililotupa habari. Kwa asili yake, basi, kuhubiri ni kupasha habari, na mpasha habari ni mtu anayejua jambo ambalo msikilizaji hajalijua. Waislamu wa pwani wana maneno yao, hotuba na mawaidha, na kila moja lina uzito wake. Wakristo walilichukua hubiri, na pamoja nalo wakachukua picha ya mjumbe: ametumwa, anafikisha, anarudi alikotoka. Katika picha hiyo nafsi ya mjumbe si kitu. Hakuna anayemwuliza tarishi kama yeye mwenyewe ameusadiki ule waraka.

Neno imani lina mambo zaidi. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba imani ni kule kusadiki, wakaishia hapo. Lakini katika Kiswahili cha kila siku mtu mwenye imani ni mtu mwenye huruma, na kumwambia mtu kwamba hana imani ni kumwambia kwamba ni katili. Bibi anayemlaumu mjukuu wake kwa kumpiga punda hasemi habari za dini. Maana hizi mbili zimekaa katika neno moja bila kugombana, na msemaji wa Kiswahili hawezi kulitamka neno hilo mimbarini bila ya maana ya pili kusikika kwa mbali. Jambo hili litarudi huko mbele, kwa sababu kuna mhubiri mmoja mashuhuri ambaye kisa chake chote chaweza kuelezwa kwa neno hili moja.

Ama neno maana lenyewe, lina kioja chake. Ni nomino, kusudi la jambo. Na ni kiunganishi vilevile, katika kwa maana, kinachomaanisha kwa sababu. Kiswahili cha Biblia ya 1952 kimejaa kwa maana za namna ya pili. Mhubiri aliyekulia humo hujifunza mapema kuzitia kwa maana kati ya kila sentensi na ya pili yake, hata pale ambapo sentensi ya pili si sababu ya ile ya kwanza. Maana-kiunganishi ikizidi, maana-nomino haitafutwi tena.

Kiteso nacho hakikukabidhi maneno matupu. Mungu wa Wakristo huitwa Edeke katika Kiteso. Walioandika juu ya dini ya kale ya Wateso, kama J. C. D. Lawrance katika kitabu chake cha 1957, wameeleza kwamba palikuwa na Akuj, aliye juu na mbali, na Edeke aliyehusishwa na maafa. Jina hili hufanana na maneno ya Kiteso yahusuyo ugonjwa. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia Mungu, hasikii kitu kingine chochote ndani ya neno hilo. Msikilizaji wa Kiteso, hasa aliye mzee, huenda akasikia jina la yule ambaye zamani aliulizwa kwa nini mtoto amekufa. Si jambo dogo kwa mahubiri. Swali la maumivu, ambalo mhubiri wa Kiswahili hulazimika kulileta kutoka nje, limo tayari ndani ya jina.

Uamsho na ushuhuda

Mahubiri ya utafutaji hayakuzuliwa Moding, wala hayakuzuliwa na wamisionari. Asili yake ya karibu ni lile vuguvugu liitwalo Uamsho wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Dk. Joe Church, Mwingereza aliyekuwa daktari huko Gahini, Rwanda, walikutana Namirembe wakasoma na kuomba pamoja. Na katika miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini, ukaenea Kigezi, Buganda na kwingineko. Blasio Kigozi, nduguye Nsibambi, alifariki mwanzoni mwa 1936 akiwa amekwenda Kampala na ujumbe kwa ajili ya sinodi, na neno lake la Kiganda, zukuka, yaani amka, likawa bendera. Mwaka 1937 Uamsho ulifika Kabete, Kenya. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha ualimu wa dini cha Mukono, Uganda, kwa kukataa kunyamaza.

Walikataa kunyamaza kuhusu nini? Jibu la swali hili ndilo linalowahusu wanalugha. Wale vijana hawakuleta itikadi mpya. Walileta aina mpya ya usemi, ambamo mtu husimama mbele ya wenzake, wakubwa kwa wadogo, Mzungu kwa Mwafrika, akataja dhambi yake kwa jina. Hicho ndicho walichokiita kutembea nuruni, na usemi wenyewe ukaitwa ushuhuda. Neno hili ni la mahakamani. Shahidi si tarishi: haulizwi alichotumwa kusema, huulizwa alichokiona. Na shahidi huweza kuhojiwa. Kwa hatua hiyo picha ya mjumbe iliyomo katika hubiri ilipinduliwa, na nafsi ya msemaji, iliyokuwa si kitu, ikawa ndiyo hoja.

Gharama yake katika mahali kama Moding ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na msomaji wa mjini. Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa Kenya na kuandika juu yao, alieleza mwaka 1980 jinsi unywaji wa pombe yao, ajon, ulivyo shule nzima ya ujirani: watu huketi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Kule kuketi ni kukubaliana. Watu wa Uamsho waliikataa pombe. Basi mtu aliyesema ameacha kunywa hakutangaza habari za tumbo lake tu. Alitangaza kwamba mahali pake penye chungu pa wazi, na majirani walikuwa na haki ya kumwuliza kama amewaacha na wao pia. Sahili kama inavyosikika, sentensi hiyo moja ilimwondolea mtu watu wa kumsaidia kupalilia.

Sarufi ya ushuhuda

Mzizi -oko- umetoa vitenzi vitatu vinavyohusika hapa: okoa, okoka na okolewa. Kwa mujibu wa mafundisho ya makanisa yote, mwenye kuokoa ni Mungu, na mtu hujikuta ameokolewa. Kwa hiyo kauli ya kutendwa ndiyo iliyotazamiwa, na Biblia ya 1952 huitumia, kwa mfano katika Waefeso 2:8. Lakini ushuhuda haukuichagua. Ulichagua kauli ya kutendeka: nimeokoka. Biblia hiyo hiyo inayo kauli hii pia, katika kisa cha mlinzi wa gereza la Filipi (Matendo 16), na ni kauli ya kawaida kwa mtu aliyeponea ajalini. Tofauti ni kwamba nimeokolewa huacha nafasi ya mtenda, hata asipotajwa. Nimeokoka huifunga nafasi hiyo. Husema tu kwamba hali imekuwa. Kuna waliolaumu kwamba neno hili lina majivuno. Pengine, lakini laweza pia kusomwa kama unyenyekevu wa mtu aliyetoka mtoni akiwa mzima bila kujua ni mkono gani uliomshika.

Shida haiko katika kauli, iko katika wakati. Kiambishi -me- huonyesha tendo lililokamilika ambalo hali yake ingaliko. Ushuhuda wa kawaida husuka -li-, -ka- na -me- kwa mpango usiobadilika: nilikuwa, nikasikia, nikalia, nikatubu, nimeokoka. Mnyororo wa -ka- ndio mnyororo wa ngano. Kila tendo huzaa lifuatalo, na msikilizaji huvutwa mpaka mwisho. Mwisho wenyewe umefungwa kwa -me-, na mlango ukishafungwa hakuna anayetazamiwa kuufungua. Mpango huu una uzuri wake, na katika miaka ya mwanzo, kila nikatubu ilipokuwa na mtu wa kuombwa radhi aliyeketi benchi la tatu, ulikuwa na uzito. Baada ya vizazi viwili mtu aliweza kuujifunza kama mashairi ya shule. Hasa mtu wa lugha ya pili. Fomula ni rafiki wa asiyeimiliki lugha: humpa sentensi zilizo sahihi kabla hajawa na la kusema. Ndiyo sababu katika mipaka ya Kiswahili, kuliko katikati yake, ushuhuda huwa mkamilifu wa sarufi na mtupu wa habari. Bwana asifiwe, ambayo ilikuwa salamu ya watu waliotambuana, hugeuka kikohozi cha mhubiri aliyepoteza njia.

Utafutaji, kwa upande wake, husikika katika kiambishi ambacho vitabu vya sarufi hukipitia upesi, nacho ni -ja-. Na ilinganishwe siamini na sijaamini. Ya kwanza ni hukumu. Ya pili hukana jambo, na papo hapo hulitazamia. Msemaji wa Kiswahili hatumii -ja- kwa jambo lisilowezekana kamwe: mtu asiye na mke husema hajaoa, lakini hakuna anayesema kwamba jiwe halijaoa. Kwa hiyo mhubiri asemaye sijaelewa kwa nini, au sijamsamehe, amefanya mambo mawili kwa pigo moja. Amekiri upungufu, na amejiweka njiani. Hakuna njia fupi kuliko hiyo ya kueleza hali ya yule baba katika Marko 9 ambaye, mtoto wake akiwa chini anagaagaa, alisema kwamba anaamini na katika pumzi hiyo hiyo akaomba asaidiwe kwa kutokuamini kwake. Wahubiri wengi hulisoma fungu hilo kisha wakalieleza kwa -me- tupu.

Alama ya pili ni umahususi. Kusema nilikuwa mwenye dhambi ni kujiunga na wanadamu wote, jambo lisilomgharimu mtu chochote. Kusema, kwa mfano, kwamba mtu alilisogeza jiwe la mpaka wa shamba la mjane wa nduguye, ni kujifungulia kesi. Wasikilizaji wa kijijini hutambua papo hapo: kwa sentensi ya kwanza huitikia, kwa ya pili hunyamaza. Mchunguzi anayerekodi mahubiri angefaa kuiandika mikao ya kimya kama anavyoandika vituo.

Alama ya tatu ni swali. Mahubiri ya Kiswahili yamejaa je, lakini nyingi ya je hizo ni mikia ya majibu yaliyokwisha kuandaliwa. Swali la kweli hutambulikana kwa kuwa halijibiwi na sentensi inayofuata.

Mkalimani

Katika mikutano ya mpakani mhubiri aghalabu hasimami peke yake. Kando yake yupo mkalimani anayeigeuza kila sentensi, kutoka Kiswahili kwenda Kiteso, au kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili wageni wanapokuja kutoka mbali. Utaratibu huu hubadili umbo la mahubiri. Sentensi hufupishwa, mnyororo wa -ka- hukatwa vipande, mhubiri hupata nafasi ya kufikiri mkalimani anaposema, na nafasi hiyo ni hatari kwa fomula, kwa sababu fomula huishi kwa mwendo usiokatika.

Lakini jambo kubwa zaidi ni nafsi ya kwanza. Mhubiri akisema niliiba, mkalimani naye husema, kwa lugha ya wenyeji, niliiba. Hasemi kwamba mgeni huyu aliiba. Basi dhambi moja hutamkwa na vinywa viwili, na cha pili ni cha mtu anayejulikana na wote, ambaye baba yake anajulikana, na mifugo yake pia. Wote wanaelewa kwamba ile -ni- si yake. Hata hivyo ameitamka, kwa Kiteso, ambapo maneno hayajachakaa. Huenda kwa dakika ile mkalimani yuko karibu na ushuhuda kuliko mhubiri, kwa sababu hana budi kulitafuta neno, na fomula hutafsirika kwa shida: mfasiri akiisha kuondoa mapambo hukuta hakuna cha kuvusha.

Kivengere, 1977

Mtu aliyeijua kazi hii pande zote mbili alikuwa Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Aliongoka katika Uamsho karibu na 1941, akafundisha shule huko Dodoma, na mwaka 1960, Billy Graham wa Marekani alipohubiri Moshi, ndiye aliyemfasiria kwa Kiswahili. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala, baada ya maaskofu kumwandikia Amin kulalamikia mauaji na ukatili wa askari. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda.

Kilichofuata kimesimuliwa naye mwenyewe katika kitabu kidogo cha mwaka ule ule, chenye jina la kuwashtua wasomaji, lisemalo kwamba anampenda Idi Amin. Mtu akiliona jina tu, bila kusoma, atadhani ni fomula nyingine: Mkristo hupenda adui zake, amina. Lakini habari iliyomo ni kinyume chake. Kivengere aeleza kwamba akiwa uhamishoni aligundua kuwa anamchukia Amin, na kwamba chuki ile ilikuwa ikimla, naye ni askofu anayezunguka dunia kuhubiri upendo. Siku ya Ijumaa Kuu, ameketi katika kanisa moja la London, akizisikia habari za aliyewaombea msamaha waliomsulubisha, alijikuta ameulizwa swali ambalo hakuwa na jibu lake.

Hapo ndipo neno imani linapodai haki yake. Kwa maana ya kwanza, askofu hakuwa amepungukiwa: aliyasadiki yote aliyoyasadiki Januari ya mwaka ule. Kwa maana ya pili, ile ya bibi na punda, alikuwa hana imani, naye alijua. Lugha ya Kiingereza, aliyoiandikia kitabu, ina maneno mawili yaliyo mbali kwa mambo haya, hivyo mtu huweza kuwa na moja bila ya kulikumbuka la pili. Kiswahili hakimpi mtu nafasi hiyo. Anayesema kwa Kiswahili kwamba ana imani amesema mambo mawili, apende asipende, na wasikilizaji wana haki ya kumdai yote mawili.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba hakungoja mpaka jambo limalizike ndipo alihubiri. Aliyatoa hadharani mwaka ule ule, Amin akiwa bado Kampala na makaburi yakiwa mabichi. Kulikuwa na wakimbizi ambao hawakulipenda jina la kitabu kile, na nani awalaumu? Mtu aliyempoteza baba hakuombwa ruhusa. Hapa utafutaji wa mhubiri mmoja unagusa kidonda cha wengine, na makala hii haina ufunguo wa jambo hilo. Amin aliondolewa Aprili 1979; Kivengere akarudi Kigezi, akafariki mwaka 1988.

Busia, 14 Agosti 1990

Kuna kisa kingine, cha karibu zaidi kwa mahali, ambacho hutajwa kila yanapotajwa mahubiri na Busia. Mwaka 1990 Peter Okondo, aliyekuwa Waziri wa Kazi wa Kenya, alimwonya Askofu Alexander Muge wa Eldoret asithubutu kukanyaga Busia, na kwamba akija huenda asitoke mzima. Tarehe 14 Agosti Muge alikwenda, akahubiri, na alipokuwa akirudi Eldoret gari lake likagongana na lori, akafa. Okondo alijiuzulu. Maswali kuhusu ajali ile hayakwisha kwa miaka mingi.

Yafaa kutenganisha mambo. Mahubiri ya Muge yalikuwa hasa ya kukemea uovu wa watawala, na mkemeaji si lazima awe mtafutaji. Ushujaa ni sifa nyingine. Sarufi yake ni ya nafsi ya pili na ya tatu: mnaonyang'anya, wanaowaonea. Lakini safari yenyewe ilikuwa sentensi ya nafsi ya kwanza. Mtu aliyeambiwa asikanyage, akakanyaga, ameuweka mwili wake mahali ambapo wengine huweka istiari, na wale waliomsikiliza siku hiyo waliyasikia maneno yake kwa masikio mengine kuliko ambavyo wangeyasikia katika redio.

Kikwazo cha uchunguzi

Msomaji makini atauliza kama haya yote hayasimami juu ya mchanga. Ikiwa -me- iliweza kujifunzwa kama fomula, -ja- nayo itashindwaje? Kwa hakika haitashindwa. Wapo wahubiri, hasa wa mijini na wa vyuoni, ambao mashaka yamekwisha kuwa mtindo wao: huuliza maswali yasiyojibiwa kwa ufundi ule ule ambao baba zao walitumia kujibu yasiyoulizwa, na msikilizaji huenda nyumbani akiwa ametumbuizwa. Sarufi haiwezi kupima moyo. Inachoweza ni kuonyesha ni wapi msemaji amejiacha wazi, yaani ni sentensi gani ambayo angeweza kuhojiwa kwayo. Kuanzia hapo ushahidi hauko tena katika maneno.

Watu wa Uamsho walilijua hili kabla ya wanaisimu. Kwao ushuhuda uliotaja wizi ulidai kurudisha kilichoibiwa, na habari za miaka ya mwanzo zimejaa watu waliorudisha mali za miaka mingi nyuma, na wengine waliokwenda kulipa kodi waliyoikwepa, wakawashangaza makarani wasiokuwa na fomu ya jambo kama hilo. Kwa hiyo mchunguzi atakayekwenda Moding na chombo cha kunasia sauti hana budi kunasa sauti zote mbili, ya mhubiri na ya mkalimani, na vile vimya vilivyo kati yao, kisha akae. Asiondoke na treni ya jioni. Wasikilizaji walioinuka Jumapili bila kuitikia watakuwa wanangoja kuona, katikati ya juma, kama jiwe la mpaka limerudishwa mahali pake.